Feni ya hita imekufa kwenye gari la zamani: ufufue mota, ufunge ya mtumba, ununue mpya au uunge moja kwa moja?

Mwezi wa sita na wa saba hapa Njombe, magari mengi yanayosimama mbele ya banda langu asubuhi injini zake ni nzima kabisa. Kinachowaleta wenyewe ni kioo. Dereva ana kitambaa mkono mmoja na usukani mkono mwingine, kioo chote cha mbele kimejaa ukungu isipokuwa kiduara kidogo alichokifuta usawa wa macho yake. Mwaka juzi alifika mama mmoja na Corolla 110, ametoka Makete alfajiri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku anakamua kanga nje ya dirisha. "Mwanangu, hii kanga nafutia kioo tangu Tandala."

Feni ya hita ilikuwa imemfia wiki tatu kabla. Fundi wa kwanza alimbadilishia rezista, kile kipande kinachoipa feni spidi za chini, feni ikafanya kazi siku nne, rezista ikaungua tena. Sasa amechoka, anataka jibu moja tu: anunue mota mpya, au amwagize kijana wake aliyeko Dar amtafutie ya mtumba? Mimi ni fundi umeme wa magari. Swali hili naulizwa kila msimu wa baridi, na silijibu mpaka niifungue ile feni niione. Kwenye feni ya hita, kilichoungua mara nyingi sicho kilichokosea, na anayenunua kabla ya kumjua mkosaji hununua mara mbili.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo wateja hujikuta wakizipima: kuifufua mota iliyopo, kufunga ya mtumba, kufunga mpya, na kuunga umeme moja kwa moja bila kupitia rezista wala swichi ya dashibodi. Magari ninayoyazungumzia ni yale ya Kijapani ya zamani tuliyonayo wengi: Corolla 100 na 110, Hilux, Noah, Mark II, Escudo.

Kabla ya kuchagua, jua kilichokufa

Feni ya hita na feni ya AC ni kitu kimoja. Ni mota moja inayosukuma hewa ileile, ama ipozwe na AC, ama ipashwe na kiredieta kidogo kilichojificha nyuma ya dashibodi, ambamo maji ya moto ya injini yanapita. Ndiyo maana mtu wa Dar analalamika AC haipulizi, wa Makete analalamika hita imekufa, na ugonjwa ni huohuo.

Swali la kwanza basi: hewa inatoka? Kama inatoka kwa nguvu ila ni ya baridi, feni haina kosa, usiiguse. Tazama maji ya redieta, halafu themostati, ile vali inayozuia maji yasiende redieta mpaka injini ipate moto. Magari mengi yanayopanda huku kutoka sehemu za joto yameshatolewa themostati na mafundi wanaoamini kwamba ndiyo inayochemsha injini. Bila themostati, injini kwenye baridi yetu haifikii joto lake la kawaida la nyuzi 80 na kitu, na hita inapuliza uvuguvugu. Nimeshamfungia mtu themostati tu, hita yake ikarudi, wakati alikuwa tayari amebeba mota mpya ndani ya boksi.

Kama hewa haitoki, au inatoka kwa kuchagua, ifuate tabia yake.

Inafanya kazi spidi ya mwisho tu: hapo ni rezista. Rezista ni kipande chenye nyaya zilizosokotwa kama springi, kimekaa ndani ya njia ya hewa ili kipozwe na feni yenyewe. Kazi yake ni kupunguza umeme wa mota katika spidi za chini. Spidi ya mwisho haipiti humo, ndiyo maana inabaki hai wakati nyingine zimekufa. Mara nyingi springi zenyewe ni nzima, kilichokatika ni ile fyuzi ndogo ya joto iliyochomelewa pembeni yake.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha za watu zinapopotea. Chukua umeme wa ampea 4 upite kwenye rezista ya ohmu 2: unapata joto la wati 32, karibu sawa na pasi ndogo ya solda, na limewaka muda wote wa safari. Rezista inalivumilia kwa sababu upepo unaipoza. Sasa mota ikiwa nzito, bushi (vile vipete vinavyoshika shafti ya mota) zimekauka au mapanga yamejaa uchafu, inavuta umeme mwingi zaidi na papo hapo inasukuma hewa kidogo. Moto unaongezeka, upepo unapungua. Ukiweka rezista mpya juu ya mota ya namna hiyo, umeweka kuni mpya kwenye moto uleule. Yule mama wa Makete siku zake nne ndizo hizo.

Imekufa spidi zote: anza na fyuzi ya hita, mara nyingi ni ya ampea 30 au 40, kisha rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Vikiwa vizima, weka swichi spidi ya juu, halafu gonga kasha la mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikizinduka na kuzunguka, kaboni zimeisha, vile vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka ili kuipa umeme. Inapiga filimbi asubuhi na kunyamaza ikishapata moto: bushi kavu. Inagonga tik-tik-tik: kuna jani au uchafu umeingia kwenye mapanga. Huku kwetu na Mufindi ni majani ya paini. Nimekuta na kiota cha panya, kikiwa na pamba ya siti.

Kipimo kinachowadanganya wengi, mafundi wakiwemo, ni kuchomoa soketi ya mota na kuipima ikiwa tupu. Mita itakuambia volti 12, utasema umeme upo, mota ndiyo imekufa. Mita haihitaji umeme wowote wa maana ili ikuonyeshe namba. Pini nyeusi iliyooza inaweza kuilisha mita ikashindwa kabisa kuilisha mota inayotaka ampea 15. Acha soketi ikiwa imechomekwa, swichi spidi ya juu, uingize ncha za mita kwa nyuma, upime kati ya nyaya mbili za mota. Usipime kati ya waya mmoja na bodi, kwa sababu kwenye Toyota nyingi za zamani chanya inafika kwenye mota kwanza, na rezista na swichi zimekaa upande wa hasi. Ukikuta karibu volti 12 kati ya nyaya hizo mbili na mota imelala, mota imekufa. Ukikuta 5 au 6, umeme unaliwa njiani: soketi, rilei, swichi, au mahali nyaya zinaposhikana na bodi. Hapo mota mpya haitakusaidia.

Mwenye mita ya koleo inayosoma umeme wa betri aikamatishe kwenye waya wa mota. Gari dogo kwa kawaida linavuta kati ya ampea 10 na 20 spidi ya juu. Inayokaribia ukomo wa fyuzi yake ni mgonjwa hata kama inazunguka. Na jamani, ukikuta mtu alishaweka waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, toa leo. Kile kipande cha plastiki ndicho kinachozuia nyaya za dashibodi zisiwake.

Tahadhari moja kwa wenye AC ya kujiendesha yenyewe, kama baadhi ya Mark II: huko hakuna rezista ya springi, kuna transista ya nguvu iliyokaa kwenye alumini. Ugonjwa wake unapimwa tofauti, na njia ya nne hapa chini usiijaribu kwenye gari hilo.

Mambo ya kupimia

Kila njia nitaipitisha kwenye maswali yaleyale: inatibu nini hasa, fedha na muda, itadumu kiasi gani, hatari yake ni ipi, na inamfaa nani. Bei sitaji kwa shilingi kwa sababu ya Njombe si ya Dar wala ya Nairobi, na ya mwezi huu si ya ujao. Nitasema ipi iko juu ya ipi.

Njia ya kwanza: kuifufua mota uliyonayo

*Inatibu nini.* Uchafu, bushi kavu, kaboni zilizoisha. Haitibu mota iliyoungua nyaya za ndani. Hiyo utaijua kwa harufu yake hata kabla ya kuifungua.

Gari la yule mama nilianzia hapa. Nikashusha kisanduku cha mbele ya abiria, upande wa kushoto, nikafungua skrubu tatu, mota ikaniangukia mkononi na duara lake la mapanga. Majani ya paini yalikuwa yameshonana kati ya panga na panga mpaka huoni uwazi, yamechanganyika na vumbi jekundu kama tofali bichi. Nikalizungusha kwa kidole, likasimama palepale. Mota nzima ukiisukuma kwa kidole inaendelea yenyewe raundi kadhaa. Nikafungua kasha, nikapitisha ukucha juu ya shaba ya amecha, yaani ile sehemu ya ndani inayozunguka, pale kaboni zinapokanyaga. Palikuwa peusi, lakini ukucha haukukwama popote. Kaboni zilikuwa zimebaki zaidi ya nusu. Mota ya namna hiyo haijafa, imenyongwa.

Kazi yenyewe ni hii: weka alama kwenye kasha kabla ya kulifungua ili lirudi vilevile. Safisha shaba kwa msasa laini, namba 600 au zaidi, kisha kwangua ile mifereji myembamba kati ya vipande vya shaba kwa sindano, maana unga wa kaboni ukijaa humo unapitisha umeme pasipotakiwa. Kaboni zikiwa fupi, chomelea nyingine za kipimo hichohicho. Mafundi wanaosuka mota za viwandani na za mashine za nyumbani wanazo. Lazima ziteleze ndani ya nyumba yake bila kubana. Kwenye bushi weka matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani, uyaache yanywewe. Grisi hapana. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu pia hapana: inaosha mafuta yaliyobaki ndani ya bushi, kisha yenyewe inakauka, na wiki mbili baadaye filimbi inarudi kali kuliko mwanzo.

*Fedha na muda.* Ndiyo nafuu kuliko zote ukiondoa ya kuunga moja kwa moja. Unalipa zaidi mkono wa fundi kuliko kifaa. Saa mbili tatu, gari limesimama.

*Itadumu.* Inategemea amecha. Ikiwa laini, mota ya orijino iliyosafishwa inaweza kukaa miaka. Ikiwa na mfereji ambao ukucha unazama, kaboni mpya zitaliwa upesi. Nilishamfufulia kijana mmoja mwenye Noah mota yenye mfereji, kwa sababu alisisitiza hana fedha nyingine. Nilimwambia wazi kwamba haina maisha. Baada ya miezi miwili akarudi.

*Hatari.* Kasha lililobanwa kwa kukunja bati halipendi kufunguliwa mara nyingi. Masikio yake yanakatika. Na fundi mwenye haraka anaweza kuvunja kaboni wakati wa kurudisha.

*Inamfaa nani.* Mwenye mota ya orijino ambayo tatizo lake ni uchafu, ukavu au kaboni, na mwenye fundi anayekubali kuifungua mbele yake. Mama wa Makete alichagua hii, pamoja na rezista mpya na soketi mpya. Bado anakuja bandani, lakini kwa mambo mengine.

Njia ya pili: mota ya mtumba

*Inatibu nini.* Mota iliyoungua au iliyokwisha amecha. Unabadilisha kitu kizima, hushughulikii ya ndani.

*Fedha na muda.* Iko kati ya kufufua na mpya. Muda wa kufunga ni mfupi, mara nyingi chini ya saa moja kwenye gari ambalo mota inashuka bila kuvua dashibodi. Muda wa kuipata ndio mrefu kwa sisi wa mikoani: lazima mtu aende Ilala au Gerezani kule Dar, au akiwa Kenya aende Kirinyaga Road, Nairobi, kisha mzigo upande basi.

*Itadumu.* Hiki ni kipengele chenye pande mbili na watu huona upande mmoja tu. Mota ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililokatwa mara nyingi ni ya orijino, Denso au mwenzake, na shaba yake ni nzuri kuliko ya nakala mpya ya bei rahisi. Lakini hujui imezunguka miaka mingapi. Gari la mwaka 1997 lililokatwa juzi, mota yake ni ya mwaka 1997.

*Hatari.* Kununua bila kupima. Duka zuri lina betri pembeni. Iunganishe, isikilize dakika tano nzima wala si sekunde tano, kisha iguse: joto kidogo ni kawaida, ya kukuunguza ni ya kurudisha. Ishike shafti uitikise; ikicheza pembeni, bushi zimekwisha. Linganisha soketi, nafasi za skrubu, na upana wa duara la mapanga na la kwako, na ndiyo maana mbovu lazima uibebe kama sampuli. Kubwa kuliko yote, tazama inazungukia upande gani. Mapanga haya yamekunjwa kwa mwelekeo mmoja. Yakizungushwa kinyume, feni inapiga kelele zote na upepo unatoka wa kubembeleza mshumaa. Nimeletewa magari yenye ugonjwa huo, waya zimegeuzwa tu na aliyefunga. Ukishaondoka dukani, kurudisha ni kazi, kwa hiyo makubaliano ya kurudisha yawe kabla ya kulipa.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari ambalo mota yake mpya haipatikani madukani, anayeweza kufika mwenyewe sokoni au mwenye mtu anayemwamini kule. Kama unaagiza kwa simu kwa usiyemjua, faida yote ya njia hii inayeyuka.

Njia ya tatu: mota mpya

*Inatibu nini.* Sawa na ya mtumba, ila unaondoa wasiwasi wa umri. Uchafu wa njia ya hewa hauondoki kwa mota mpya. Usiposafisha humo ndani na pale chini ya kioo majani yanapoingilia, mpya nayo itajaa.

*Fedha na muda.* Ghali kuliko zote. Orijino ya boksi la kampuni inaweza kuuma sana kwa gari la umri huu. Nakala ni nafuu na kwa Corolla zinapatikana bila kuhangaika. Kufunga ni haraka.

*Itadumu.* Orijino, muda mrefu. Nakala zinatofautiana mno, kiasi kwamba sikubali kuziweka kapu moja. Nimefunga nyingine zimekaa vizuri kabisa. Nyingine inaanza kutetemesha dashibodi siku hiyohiyo kwa sababu duara la mapanga halina mizania. Dawa ya hapo, duara lako la zamani likiwa zima na shafti zikilingana, ni kulihamishia kwenye mota mpya.

*Hatari.* Kuamini boksi. Shika mpya mkono mmoja na mbovu mkono mwingine. Iliyo nyepesi sana kuliko orijino ina shaba pungufu ndani. Hatari ya pili ni kuifunga kwenye soketi iliyoungua. Plastiki ikiwa imeyeyuka au pini imegeuka rangi, kata, weka soketi nyingine. Pini legevu inatengeneza joto, joto linalegeza pini zaidi, na mota mpya haizuii hilo.

*Inamfaa nani.* Anayeendesha kazi kwa gari hilo kila siku, hasa abiria, na anayekusudia kukaa nalo miaka. Pia aliye mbali na fundi wa kufungua mota.

Njia ya nne: kuunga moja kwa moja

Najua mafundi wanaoitukana njia hii na bado wanaifanya jioni mteja akiwa na haraka. Niieleze kwa haki.

*Inatibu nini.* Rezista iliyokufa au swichi iliyokufa, mota ikiwa nzima. Fundi anaipita rezista na swichi, anaweka kitufe cha kuwasha na kuzima. Ikiwa mota ndiyo mbovu, njia hii haitibu chochote.

*Fedha na muda.* Chini kuliko zote. Nusu saa.

*Itadumu.* Inaweza kudumu kuliko unavyodhani, kwa sababu imeondoa vipande viwili vinavyokufa. Ila utakuwa na spidi moja tu, ya juu kabisa, na kelele zake kutoka Njombe mpaka Makambako.

*Hatari.* Inategemea ilivyofanywa, na hapa kuna kazi mbili tofauti zinazoitwa jina moja. Ya kwanza inaacha fyuzi na rilei za gari zikiwa kazini, na kitufe kinachukua nafasi ya swichi upande wa hasi, kwa waya mnene na kitufe cha kubeba umeme huo. Ukizima gari kwa ufunguo, feni inazima. Hiyo kwa muda inakubalika. Ya pili inavuta waya mwembamba kutoka kwenye betri bila fyuzi, unapita kwenye bati la injini bila mpira, mpaka kitufe cha taa chini ya usukani. Hiyo ni moto unaosubiri siku yake. Hata isipowaka, ukiisahau usiku ikivuta ampea 10, betri ya saa-ampea 40 imekauka kwa takriban saa nne. Jua pia kwamba AC kwenye magari mengi inasubiri taarifa kutoka swichi ya feni ndipo iwake. Swichi ikiwa imezimwa, AC inaweza kukataa.

*Inamfaa nani.* Aliye safarini, au anayesubiri rezista ifike. Anayeliuza gari, tafadhali amwambie mnunuzi.

Na rezista yenyewe?

Kama vipimo vimeonyesha mota inazunguka laini na inavuta umeme wa kawaida, badilisha rezista tu. Mpya si ghali, kwa hiyo ya mtumba sioni sababu yake isipokuwa gari lako ni adimu. Kuna wanaochomelea waya mahali pa ile fyuzi ya joto iliyokatika. Rezista itafanya kazi, ni kweli. Ila siku mota itakapogoma hakutakuwa na cha kukatika, na springi itakuwa nyekundu ndani ya njia ya plastiki yenye majani makavu. Mimi sifanyi, hata nikibembelezwa.

Ufanye mwenyewe au umpelekee fundi?

Kushusha mota, kutoa majani, kupima fyuzi na kubadili rezista ni kazi ya mtu yeyote mwenye bisibisi na subira, gari likiwa limezimwa na waya hasi wa betri umetolewa. Kaboni na soketi zilizoungua mpe anayejua kushika solda. Magari ambayo mota inafikiwa kwa kuvua dashibodi nzima, mwachie fundi.

Kwa hali yako

Una gari la kusafiria mara moja kwa wiki, mota inapiga filimbi na ukucha hauzami kwenye amecha: fufua, na usafishe njia ya hewa siku hiyohiyo.

Rezista imeungua mara ya pili ndani ya mwaka mmoja: usinunue ya tatu mpaka mota ishuke, izungushwe kwa kidole, na soketi ionekane kwa macho.

Mota inanuka kuungua, gari ni Corolla au jingine lenye spea tele, na fedha ipo: mpya, ukiipima uzito na kuisikiliza kabla ya kuondoka. Fedha haipo na una ndugu makini Ilala: mtumba, na sampuli iende kwenye basi leo jioni.

Gari ni la aina isiyo na spea nchini: mtumba ukiupata, usipoupata rudi kwenye kufufua, hata kama amecha ina mfereji. Kuna mafundi wa mashine ya kukereza wanaoweza kuisawazisha shaba ikiwa bado nene.

Unabeba wanafunzi au abiria alfajiri kwenye baridi: usikubali kuunga moja kwa moja kuwa suluhisho la kudumu. Spidi za chini ndizo zinazokausha kioo muda mrefu bila kumchosha dereva.

Na kama imekufia njiani saa hii, uko Kipengere na ukungu umeshuka: punguza mwendo, washa taa, sukuma kile kitufe cha hewa kiwe kwenye ya nje, si ya ndani, elekeza matundu kwenye kioo na weka hita kwenye moto wa mwisho. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa mbele unaingia wenyewe kidogo kupitia kiredieta cha hita hata feni ikiwa imelala. Teremsha vioo viwili vya pembeni vidole viwili ili unyevu wa pumzi utoke. Baridi itawauma, lakini kioo kitabaki kinaonyesha mpaka Njombe.